Ngano Iliyosafishwa kwa Mapenzi

Kama kuna saa ambayo moyo wa mtu apendaye huwa mwepesi kuliko unyoya, basi ni ile saa ya kungoja mlio anaoufahamu. Rusanda aliufahamu mlio wa trekta la Kamenko tangu likiwa bado chini bondeni, kabla halijaanza kupanda kona za kwenda kwao Vrelo. Lilikuwa na kikohozi kidogo kila lilipobadilishwa gia, kama mzee anayetaka kusema neno kisha akaahirisha.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta uliopata jua, na juu ya kichwa chake yalining'inia mashada ya pilipili hoho nyekundu yaliyotundikwa yakauke. Mapajani alikuwa na bakuli la plamu alizokuwa akizitoa kokwa. Mikono ilifanya kazi, lakini macho yalikuwa mbali. Alikuwa akiliona shamba lake la juu, si kama lilivyokuwa siku hiyo, limelimwa na kubaki tupu likingoja mbegu, bali kama litakavyokuwa mwezi wa Juni: ngano imefika kiunoni, kijani chake kimeanza kugeuka dhahabu, na katikati yake maua ya kukolj, gugu la ngano, yamesimama juu ya mabua membamba, rangi yake kati ya waridi na zambarau, kila petali ina mistari ya giza myembamba kama iliyochorwa kwa unywele. Upepo ukipita, ngano huinama kwanza, na maua huinama baadaye kidogo, kama wageni wasioijua vema ngoma ya wenyeji.

Kila mtu wa milima ile alilijua jina la kukolj, na karibu kila mtu alilitamka kama tusi. Mbegu yake ni nyeusi, ina vinundu kama kalunguyeye mdogo aliyejikunja. Ikisagwa pamoja na ngano, mkate huwa mchungu, na ikizidi, mkate huwa sumu. Vizazi na vizazi viliiwinda kwa ungo na kwa chekeche, kisha ikaja mashine ya kusafishia mbegu, na kukolj ikatoweka mashambani bila mtu yeyote kuililia. Ilibaki katika shamba moja tu, la marehemu Mijalko, baba yake Rusanda, ambaye kijiji kizima kilimcheka kwa sababu hakupata kusafisha mbegu maishani mwake. Alichovuna ndicho alichopanda. Alipokwisha kufa, wakapita wataalamu wa mimea, wakasimama kwenye mpaka wa shamba lile kofia mkononi kama watu waliofika kanisani, wakamwambia binti yake kwamba upande wote ule wa mlima hakuna tena shamba kama hilo. Hivyo uvivu wa baba ukageuka kuwa urithi wa mwana.

Nao ulikuwa urithi dhaifu. Ua lile halina hila ya kuishi peke yake. Halirushi mbegu zake upeponi, wala mbegu zenyewe haziwezi kulala ardhini zikingoja mwaka mwingine. Huzishika katika kikombe chake kikavu mpaka mundu uje, mpaka zipurwe pamoja na ngano, zikae gunia moja na ngano, zipandwe na mkono uleule upandao ngano. Mkono huo ukisahau mwaka mmoja tu, basi, hadithi imekwisha. Na mbegu zote za mwaka ule zilikuwa katika magunia ya Rusanda.

Trekta lilikohoa kwa mara ya mwisho, likanyamaza mbele ya lango.

"Fumba macho!" Kamenko alimwita hata kabla hajashuka.

"Nina kisu mkononi, Kamenko."

"Basi weka kisu chini, kisha fumba macho. Ni mambo mawili tu. Hata askari aliyeandikishwa jana anayaweza."

Rusanda alicheka, akaweka kisu juu ya benchi. Alimpenda kijana huyu kwa mambo mengi asiyoweza kuyataja, na kwa moja aliloweza: alikuwa fundi wa paa, aliyejenga paa za watu ughaibuni kwa miaka mitatu, na bado alitembea juu ya ardhi taratibu, kama anayeogopa kuivunja. Alimsikia akishusha kitu kizito. Akamsikia akifungua kamba.

"Sasa tazama."

Mbele yake gunia lilikuwa wazi, na Kamenko alikuwa amezamisha mikono yote miwili ndani, akiinua ngano na kuiacha imiminike. Ilimiminika kama maji. Punje zote zilikuwa za ukubwa mmoja, zimejaa, zinang'aa, na katikati yao hapakuwa na jani, wala jiwe, wala doa.

"Nzuri," alisema Rusanda. "Umeitoa wapi?"

"Ni yako."

"Si yangu."

"Ni yako, mpenzi! Jana ulipokwenda mjini Pirot kupeleka zulia ulilolifuma, nilikuja nikachukua magunia yote ghalani, nikayapeleka kwa Tasa wa ushirika yakapita kwenye mashine ya kusafishia. Mara mbili. Tasa akaniambia, mara moja inatosha, usiichoshe ngano. Nikamwambia, hapana, hii ni ya mchumba wangu, pitisha tena."

Safari hii Rusanda alifumba macho bila kuambiwa.

"Umeshangaa," Kamenko alisema kwa furaha. "Nilijua utashangaa. Sikiliza. Jumapili mama anakuja kukuposa. Unaijua desturi ya kwao: kabla hajaketi, kabla hajaonja hata kahawa, ataomba aonyeshwe ghala, atatia mkono kwenye ngano mpaka kiwiko, na atakachokitoa ndicho atakachokuhukumu nacho. Nilitaka atoe dhahabu."

"Na makapi?"

"Makapi gani?"

"Yaliyotoka, Kamenko. Vile vyeusi."

"Ule uchafu? Nadhani uko kwa Tasa." Alimtazama vizuri, na furaha ikaanza kumwondoka usoni taratibu. "Rusanda, mbona umebadilika rangi?"

Aliinuka. Bakuli la plamu lilimponyoka, plamu zikabingirika uani, na hakuna aliyeziinamia.

"Yale maua tuliyosimama ndani yake mwezi wa Juni," alisema kwa sauti ndogo, "siku uliyoniambia kwamba hurudi tena ughaibuni. Unadhani yalitoka wapi?"

"Yalitoka ardhini. Maua hutoka wapi kwingine?"

"Yalitoka kwenye gunia."

Kamenko alitazama gunia. Alikuwa amekua miongoni mwa kondoo na mbao. Ngano kwake ilikuwa kitu kinachofika mezani kikiwa mkate. Aliyadhania maua yale kuwa kama maua mekundu ya popi ya kando ya njia, yanayojiotea bila kumwomba mtu ruhusa. Rusanda aliona jinsi alivyokuwa akielewa, kidogo kidogo, kama mtu anayesikia maji yakiingia ndani ya nyumba yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka nikufurahishe!"

"Ulitaka umfurahishe mama yako. Uliniosha, Kamenko. Kama chombo kinachooshwa kabla mgeni hajafika."

"Sikukuonea haya hata siku moja."

"Basi kilikuwa nini?"

"Hofu," alisema. "Niliogopa atasema hapana."

Neno lile lilikuwa la kweli, na Rusanda alilijua. Alikimbilia uwanja wa kupuria nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akapapasa katika nyufa za mawe akitafuta mbegu zilizodondoka. Mvua za wiki iliyopita zilikuwa zimepasafisha kuliko ufagio. Aliporudi, Kamenko alikuwa ameshawasha trekta.

"Panda," alisema. "Utanichukia njiani."

Hakumchukia njiani. Aliketi kando yake, bega lake likigusana na la Kamenko kila palipokuwa na kona, na njia ya kuelekea kijijini ilikuwa na kona nyingi. Ukungu wa mchana ulikuwa umelala bondeni kama maziwa kwenye kisahani. Misitu ya mlimani ilikuwa imeanza kushika rangi ya kutu. Ilimjia Rusanda kwamba huenda akaikumbuka siku hii maisha yake yote kama siku iliyokuwa nzuri kupita kiasi kwa jambo baya namna hii.

Tasa, mtunza ghala la ushirika, alikuwa ameketi mlangoni na kikombe cha kahawa, masharubu yake yamejaa vumbi la nafaka.

"Bwana harusi!" alipaza sauti. "Usiniambie umeileta mara ya tatu. Nikiipitisha tena itatoka unga."

"Tasa, makapi yako wapi?"

"Ya ngano yako? Mama yako alipita asubuhi akayachukua. Alisema kukolj haiachwi mahali penye kuku. Ndoo nzima, kaibeba mwenyewe. Nilimwambia, dada Spasenija, nikusaidie? Akanijibu nimsaidie kwa kunyamaza."

Nyumba ya Spasenija haikuwa mbali. Moshi wa pilipili zinazochomwa kwa akiba ya majira ya baridi ulikuwa umetanda uani, mtamu na mkali kwa pamoja. Mama mwenyewe, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, alikuwa akigeuza pilipili kwa vidole vitupu juu ya jiko la bati, kana kwamba moto haukumhusu. Kando ya jiko palikuwa na ndoo. Ilikuwa tupu.

"Mama, makapi uliyoyachukua kwa Tasa yako wapi?"

"Nami nakusalimu, mwanangu. Sijambo, asante." Alimtupia jicho Rusanda, akalirudisha kwenye pilipili. "Yamo humu. Yamewaka vizuri. Takataka hujua kuwaka."

Rusanda aliketi juu ya rundo la kuni. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, kama yaliyokuwa na safari yao wenyewe.

Spasenija aliacha kugeuza pilipili. "Unalilia magugu, binti?"

"Naam, mama."

"Hakuna ngano isiyo na kukolj. Tunasema hivyo sote, tena tunasema tukicheka. Lakini sijamsikia mtu aliyesema tuipande kwa makusudi."

"Ilikuwa ya mwisho, mama. Upande huu wote."

"Ndiyo, nami niliomba nifike siku itakapokwisha." Alisema bila ukali, kama atajaye hali ya hewa. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya msichana, na mikono yake yenye masizi ikalala mapajani. "Sasa nikuambie kwa nini, usije ukanidhania mchawi. Nilikuwa bibi harusi wa wiki ya kwanza katika nyumba hii. Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, meza imejaa wageni mpaka mlangoni, na mkate ni wangu, wa kwanza kuoka hapa. Baba mkwe akamega, akatafuna, akautema kiganjani. Unga haukuwa umechambuliwa. Si mimi niliyeusaga, lakini ni mimi niliyeuoka. Hakuna aliyenipiga. Hakuna hata aliyenitukana. Waliusogeza mkate ule katikati ya meza, ukakaa pale mpaka jioni, kila anayeingia auone."

"Mama," Kamenko alisema, "hukupata kuniambia."

"Ungefanya nini nalo? Tangu siku hiyo sijamwachia mtu ale mkate wangu kabla sijaumeza mimi. Na ndiyo sababu ninatia mkono katika ngano ya msichana. Si kumdhalilisha. Ninataka nijue kama mwanangu anamleta mtu aje kutemewa mkate."

Pilipili zilipasuka taratibu juu ya bati. Rusanda alijifuta uso kwa kiganja.

"Mkate wangu si mchungu, mama. Ngano ya kula ninaichambua kwa ungo, punje kwa punje. Ya kupanda ndiyo ninayoiacha ilivyo."

"Kila unapooka?"

"Kila ninapooka."

"Na siku utakapokuwa na homa? Siku mtoto analia, taa ni hafifu, na wageni wameshavua viatu?"

Rusanda aliyatazama masizi mikononi mwa mama. 

Kamenko alikuwa amesimama akiitazama ndoo tupu, na uso wake ulikuwa uso wa fundi anayehesabu boriti. "Ile mashine," alisema polepole. "Ndani ina pipa la bati lenye vishimo. Kukolj huingia kwenye vishimo, ikainuliwa, ikamwagwa kando. Vishimo vya zamani vile, vimepinda, vimeshika kutu. Si zote zitakazomwagika. Mama, Tasa husafisha lini pipa lile?"

"Tasa?" alisema Spasenija. "Tasa hata masharubu yake hajapata kuyasafisha."

Wakatazamana, Kamenko na Rusanda, kwa mara ya kwanza tangu walipopanda trekta. Kisha wakakimbia, na trekta wakalisahau langoni.

*

Kifuniko cha mwisho wa pipa kilipofunguliwa, jua la alasiri liliingia ndani na kuzunguka ukutani mwake. Vishimo vilikuwa vingi kama mabaki ya matone ya mvua juu ya vumbi. Vingi vilikuwa vitupu. Lakini hapa na pale, ndani ya kutu, kulikuwa na kinundu cheusi kilichokwama.

"Hapa," alinong'ona Rusanda. "Na hapa. Kamenko, hapa!"

"Kwa nini unanong'ona?"

"Sijui."

Walitandika kitambaa cheupe chini ya pipa, wakalala chali, vichwa vikitazamana, miguu huku na huku, kama mikono ya saa iliyogombana. Kutu ilikuwa ikishika mbegu kwa nguvu, na kidole kilikuwa kinene mno. Rusanda alichomoa pini za nywele, moja akampa Kamenko. Nywele zilimwagika juu ya kitambaa, nyeusi na nzito, na kwa muda Kamenko akasahau pini ilikuwa ya kazi gani.

"Tafuta mbegu," Rusanda alisema bila kumgeukia.

"Ninatafuta."

"Huko siko ziliko."

Tasa, kutoka mlangoni, alikohoa. "Nimeitunza mashine hii tangu nikiwa na nywele," alisema. "Kazi yake ni kuondoa kukolj kwenye ngano. Leo naona watu wazima wawili wanaondoa kukolj kwenye mashine. Nimwite kuhani au daktari?"

"Ita kahawa," Kamenko alimjibu.

Tasa alipokwenda, ilibaki harufu ya unga wa kale. Vumbi lilielea katika mwanga. Kila mbegu ilipochomoka ilianguka kitambaani kwa mlio mdogo ambao ni wao wawili tu walioweza kuusikia. Moja ilipasuka chini ya pini ya Kamenko.

"Polepole. Ukiivunja, umeliua ua moja."

"Jana niliua shamba zima."

"Kwa hiyo leo punguza."

Kamenko alicheka kidogo, na aliposema tena sauti yake ilitoka karibu sana na sikio la Rusanda. "Kule ughaibuni nilikuwa naota ndoto moja. Mchana kutwa niko juu, nawaezekea watu nyumba zao. Usingizini naiona yangu, na haina paa. Kila siku haina paa. Na sikuwa na huzuni, Rusanda, kwa sababu nilikuwa nakuona kutoka juu. Ulikuwa unatembea chumbani, kisha chumba kinakuwa shamba, na sijui kilibadilika lini."

Rusanda aliuacha mkono wake na pini vikae hewani. "Na mimi? Nilikuwa nikifanya nini?"

"Ulikuwa huna haraka."

Aliugeuza uso. Vinywa vyao vilikuwa juu chini, kila mmoja akiliona paji la mwenzake mahali pa kidevu, na hivyo wakatazamana kama watu wawili wanaoonana kwenye maji. Vumbi lilikuwa kwenye kope za Kamenko. Rusanda alitamani kulipuliza. Alilipuliza.

"Nisamehe," alisema Kamenko.

"Nilikwisha kukusamehe pale penye kona ya tatu. Lakini sikiliza. Jumapili mama yako atatia mkono ghalani. Ile ngano safi si yangu, ni yako, sitamwonyesha."

"Nitazungumza naye. Nitamwambia..."

"Usiniombee. Kama atanikataa, anikatae mimi, na hizi mbegu zangu mkononi. Kama atanikubali, iwe hivyo hivyo. Siwezi kuolewa nikiwa nimepepetwa."

"Na akisema hapana?"

 Rusanda alirudi kwenye kutu, na mbegu aliyokuwa akiitafuta ilichukua muda mrefu kutoka.

Mwanga ulikuwa umegeuka rangi ya asali waliposikia hatua. Hazikuwa za Tasa. Spasenija alisimama mlangoni, kitambaa chake kimeshika masizi, na harufu ya pilipili zilizochomwa iliingia kabla yake. Alimtazama mwanawe akiwa amelala vumbini. Alizitazama nywele za msichana zilizotandazwa sakafuni. Mwishowe akatazama kitambaa cheupe, na kirundo cheusi kilichokuwa katikati yake, kidogo hata kiganja kimoja kingekifunika.

"Hizo tu?"

"Hizo tu, mama," alisema Rusanda, akaketi.

"Zinatosha?"

"Kuanza tu. Halitakuwa shamba. Litakuwa tuta, kama upana wa kitanda."

"Utalipanda wapi?"

"Katikati ya ngano. Halikubali kuishi peke yake. Linataka lilimiwe, livunwe, lipurwe, kama ngano yenyewe."

"Na ngano ya tuta hilo ataila nani?"

"Hataila mtu."

Spasenija alilipima jambo hilo, na lilionekana kumwumiza mahali fulani penye mifupa. "Kulima, kupanda, kuvuna, kupura. Asile mtu."

"Tutaila kwa macho," Kamenko alisema kutoka chini ya pipa.

"Macho hayajapata kushiba, Kamenko. Ndiyo maana umelala hapo."

Rusanda alipiga magoti sawasawa.  Hakuwa amepanga kusema siku hiyo. Alikuwa amejiwekea Jumapili, na gauni lake la buluu, na kahawa kwenye vikombe vizuri. Sasa alikuwa na kutu kwenye mashavu na hakuwa hata na pini kichwani.

"Mama, sitaiacha. Nisikufiche, wala nisingoje uje utie mkono. Umeniuliza itakuwaje siku nikiwa na homa na taa ni hafifu, nami sina jibu zaidi ya hili: siku hiyo hatutakula mkate kwangu. Tutakula viazi. Lakini kukolj nitapanda mwaka huu, na mwakani, na nikiwa nyumbani kwako nitaipanda, na nikiwa siko nyumbani kwako nitaipanda. Ninampenda mwanao. Ningependa nisichague."

Kwa mbali kengele za kondoo zilikuwa zikishuka mlimani. Kamenko alikuwa ametoka chini ya pipa, amekaa, hasemi kitu, na huenda hiyo ndiyo ilikuwa hekima yake kubwa ya siku ile. Spasenija hakumtazama. Alikuwa akimtazama Rusanda, kwa muda mrefu, kwa namna ambayo mtu humtazama mwingine anapojaribu kukumbuka alikuwaje yeye mwenyewe katika umri ule, katika meza ile, na kama angalikuwa na kinywa cha kusema lolote.

"Viazi," alisema hatimaye.

"Viazi, mama."

Mama yule alishika ukingo wa mashine, akajishusha taratibu, magoti yakilia kama kuni mbichi, mpaka akafika chini kwenye vumbi. Alipeleka mkono nyuma ya shingo, akachomoa pini iliyofunga kitambaa chake, na nywele zake nyeupe zikaonekana, jambo ambalo Kamenko hakuwa ameliona mbele ya watu tangu alipozaliwa. Aliingiza kichwa ndani ya pipa. Akafinya jicho moja. Pini ikagusa kutu mara moja tu, kwa pembeni, na mbegu ikaruka nje nzima na kuangukia kitambaani.

"Sogea," alimwambia Rusanda.

"Mama," Kamenko alisema, "ina maana umekubali?"

"Sijasema nimekubali. Nimesema asogee. Nyote wawili mnazivunja."

Rusanda alisogea.